Urari Kabla, Urari Baada: Kutunza na Kuboresha Programu ya Uhasibu ya Biashara Ndogo

Mtu akinipigia simu kuniambia programu yake ya hesabu imegoma, swali langu la kwanza halihusu programu. Namuuliza nakala yake ya akiba ya mwisho iko wapi, na kama kuna mtu aliyewahi kuifungua akaona inasoma. Programu yenyewe ataipakua tena kesho asubuhi. Ankara za miaka mitatu, madeni ya wateja na hesabu ya stoku hazipakuliwi popote.

Mimi ni mtunza hesabu. Mambo ya kompyuta nimeyaingia kwa kulazimika, kwa sababu kila ofisi ndogo niliyoshika vitabu vyake ilinigeuza fundi wa kompyuta pia. Kwa hiyo mwongozo huu una upande. Fundi wa kompyuta huamini uboreshaji umefaulu pale skrini inapoandika kwamba umefaulu. Mtunza hesabu hasadiki mpaka urari wa baada, yaani ile orodha ya masalio ya akaunti zote, debiti na krediti, ulingane na urari wa kabla, hadi senti. Mimi niko upande huo wa pili, na sehemu kubwa ya ninayoyaeleza hapa chini inatoka huko.

Kwanza jua ulichonacho

Weka daftari la karatasi karibu na kompyuta inayobeba hesabu. Ukurasa wa kwanza andika jina la programu, toleo kamili pamoja na zile namba ndogo za mwisho, namba ya leseni, anwani ya barua pepe iliyoisajili, na mahali faili la data lilipo. Hilo la barua pepe watu hulidharau. Leseni nyingi zimesajiliwa kwa anwani ya mfanyakazi aliyekwishaondoka, na siku ya kuhamia mashine mpya ndipo inagundulika kwamba msimbo wa uthibitisho unatumwa kwa mtu asiyepokea tena simu za kampuni.

Mahali faili lilipo hutegemea programu. Katika QuickBooks ya kwenye kompyuta, bonyeza F2 ukiwa ndani ya kampuni. Litafunguka dirisha lenye toleo, ukubwa wa faili na njia yake nzima. Faili lenyewe huishia na .QBW, na kando yake utakuta mawili mengine, .ND na .TLG. Usifute .TLG kwa kuona limenenepa. Hilo ndilo linaloandika kila muamala tangu nakala ya akiba ya mwisho iliyofanyiwa ukaguzi kamili, na faili kuu likiharibika, wataalamu wanaweza kulitumia pamoja na nakala ya zamani kurudisha kazi iliyofuata. Likinenepa kupita kiasi, linakuambia kwamba ni muda mrefu hujapiga nakala kwa kutumia amri ya programu yenyewe.

TallyPrime huiweka kila kampuni katika folda yenye jina la tarakimu tupu, na ni folda nzima inayonakiliwa, wala si faili moja moja kutoka ndani yake. GnuCash kwa kawaida huwa na faili moja, lakini kila unapohifadhi huacha nyuma nakala zenye tarehe na saa ndani ya jina, na mafaili ya .log. Watu huyaona takataka. Kompyuta ikizimika ghafla kabla hujahifadhi, .log ya mwisho inaweza kupitishwa tena kupitia menyu ya kuingiza data, na miamala uliyodhani imepotea ikarudi.

Onyo moja kabla sijaendelea: faili la hesabu linalotumika kila siku lisikae ndani ya folda inayojisawazisha na wingu, kama OneDrive au Dropbox. Huduma hizo zinanakili faili wakati programu bado inaliandika, na watu wawili wakilifungua, zinatengeneza nakala mbili zinazopingana. Folda hiyo ni nzuri kwa kupeleka nakala za akiba zilizokwisha kufungwa. Faili hai libaki kwenye diski ya kompyuta au seva yako.

Nakala za akiba

Kanuni inayojulikana kwa wengi ni ile ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye vihifadhi vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo. Ni kanuni nzuri, ila nimeona ikifuatwa kwa namba huku maana yake ikipotea. Ofisi moja niliyoitwa ilikuwa na nakala tatu kweli: moja kwenye diski C, moja kwenye diski D, moja kwenye diski ya nje iliyochomekwa mchana na usiku. C na D zilikuwa sehemu mbili za diski moja ileile. Na ile ya nje, kirusi cha kufunga mafaili kilipoingia, kilikuta imechomekwa kikaifunga nayo. Diski ya akiba ichomekwe wakati wa kunakili, kisha ichomolewe. Ukiwa na mbili zinazopokezana, moja ikikaa nyumbani kwa mwenye biashara, ni bora zaidi.

Piga nakala kwa amri ya programu yenyewe, watumiaji wote wakiwa wametoka. Kuburuta faili kwa kipanya huku mtu anatoa ankara kunaweza kukupa nakala ambayo nusu yake ni ya saa nne na nusu yake ya saa nne na dakika moja. Kwenye jina tanguliza mwaka, kisha mwezi, kisha siku: 2025-03-31. Hivyo zitajipanga zenyewe kwa mpangilio wa tarehe, na hutakuwa unakisia kati ya "mpya", "mpya2" na "mpya ya mwisho kabisa". Kama unatumia flashi ya zamani iliyopangwa kwa FAT32, kumbuka haipokei faili moja linalofika GB 4 hata ikiwa na nafasi tele. Utaletewa ujumbe wa kosa usioeleweka, na wengi huishia kuilaumu flashi.

Muda wa kuzitunza: za kila siku kwa wiki mbili, za kila wiki kwa miezi miwili, za mwisho wa mwezi kwa mwaka mzima, na za mwisho wa mwaka wa hesabu kwa muda wote ambao sheria ya nchi yako inataka kumbukumbu zitunzwe. Mtu anayefuta nakala ya jana kila anapopiga ya leo hana akiba. Uharibifu wa faili, au muamala uliofutwa kwa hila, mara nyingi hugunduliwa wiki kadhaa baadaye, na wakati huo nakala zote za karibuni zimeshabeba kasoro ileile.

Sasa jaribio. Mara moja kila robo ya mwaka chukua nakala mojawapo, irejeshe kwenye kompyuta nyingine, au kwenye folda nyingine kwa jina tofauti ili usifunike kampuni hai. Ifungue. Toa urari wa tarehe ya nakala hiyo na uulinganishe na ule uliouchapa siku ile. Kisha fungua ankara moja ya zamani na mteja mmoja mwenye historia ndefu. Inachukua chini ya saa. Sijui kazi nyingine katika utunzaji wote huu inayolipa zaidi kwa muda huo, na ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu.

Nakala ya mwisho wa mwaka huwa naiongezea vitu viwili. Cha kwanza ni ripoti za PDF: urari, mizania (mali na madeni ya biashara), mapato na matumizi, leja kuu yote, orodha ya wadaiwa na ya wadai. PDF haihitaji leseni. Cha pili ni kisakinishi cha toleo lile lile la programu pamoja na namba yake ya leseni, maana faili la miaka saba iliyopita huenda likakataliwa na toleo utakalokuwa nalo siku hiyo.

Usafi wa kila mwezi

Faili chafu ndilo linalovunjika siku ya kuboresha. Kwa hiyo kila mwezi, kabla ya kufunga, fanya ulinganisho wa kila akaunti ya benki, kisha pitia zile akaunti ambazo vitu hutupwa kwa muda na kusahaulika: akaunti ya kusubiria, pesa zilizopokewa lakini hazijapelekwa benki, na akaunti ya salio la kuanzia. Zinapaswa kuwa sifuri au kuwa na maelezo. GnuCash ina mbili zake zinazoanza na majina Imbalance na Orphan. Ukiziona zina pesa, kuna muamala uliokosa upande wa pili.

Stoku yenye kiasi hasi ishughulikie mara moja. Hutokea ankara ya mauzo inapoingizwa kabla ya ile ya manunuzi, na hapo programu inalazimika kukisia gharama ya bidhaa ambayo kwa hesabu zake haipo. Manunuzi yakiingia, inarudi kusahihisha kimyakimya. Hizo sehemu za kimyakimya ndizo zinazofanya thamani ya stoku iruke siku toleo jipya linapokokotoa upya wastani wa gharama, nawe ukabaki unatafuta kosa ambalo lilizaliwa miezi minane nyuma.

Programu nyingi zina kifaa cha kujikagua. Kwenye QuickBooks ya kompyuta ni Verify Data, ndani ya Utilities; kwenye GnuCash ni Check & Repair, ndani ya Actions. Kukagua fanya kila mwezi bila woga. Kurekebisha, kama ile amri ya Rebuild Data, usiiguse kabla hujapiga nakala mpya, kwa sababu ukarabati huo unaweza kuondoa kipande kisichosomeka, na ungependa kujua ni kipande gani. Baada yake toa urari tena.

Ukimaliza, funga kipindi kwa nenosiri ili asiwepo mtu wa kurudi kubadilisha ankara ya mwezi uliokwisharipotiwa. Kila mtu awe na jina lake la kuingilia. Ofisi ambayo wote wanaingia kama Admin imetupa chombo chake kizuri cha uchunguzi, ile kumbukumbu ya nani alibadilisha nini na lini. Nchini India jambo hili si hiari tena kwa makampuni: tangu tarehe 1 Aprili 2023 programu wanayotumia kwa vitabu vyao lazima irekodi kila badiliko, na rekodi hiyo isiweze kuzimwa. Mfanyakazi akiondoka, mfungie jina lake siku hiyohiyo, lakini usilifute, maana historia yake inabaki ndani.

Kuhusu mashine yenyewe nitasema machache. Iwe na UPS, ile betri inayoishikilia kompyuta umeme ukikatika, kwa sababu umeme kukatika katikati ya kuandika ni chanzo kikubwa cha mafaili mabovu. Kama watu kadhaa wanatumia faili moja kupitia mtandao wa ofisi, tumia waya. Wi-Fi inayokatika sekunde mbili haimsumbui anayesoma habari, lakini hifadhidata huikata katikati ya kuandika. Acha nafasi ya kutosha kwenye diski. Angalia saa na tarehe. Na kama bado mko kwenye Windows 10, Microsoft ilikomesha msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo mashine hiyo nayo iingie kwenye mpango.

Sasisho dogo na toleo jipya ni mambo mawili

Sasisho dogo hurekebisha hitilafu, hubadilisha viwango vya kodi, huziba matundu ya usalama. Liweke mapema, ila si ndani ya wiki ya kufunga mwezi au ya kulipa mishahara, na daima baada ya nakala ya akiba. Sasisho halali nalo linaweza kuleta balaa. Tarehe 27 Juni 2017 kirusi cha NotPetya kilienea kupitia M.E.Doc, programu ya hesabu za kodi iliyotumiwa sana Ukraine. Wavamizi walikuwa wameiteka seva ya masasisho, kwa hiyo kirusi kiliingia kwa mlango uleule ambao wateja waliuamini. Kampuni ya meli ya Maersk ililazimika kusakinisha upya maelfu ya kompyuta. Seva zake za kusimamia watumiaji zilifutwa duniani kote, isipokuwa moja iliyokuwa Ghana, ambayo ilisalimika kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika. Sikupi hadithi hii ili uache kusasisha. Nakupa ili uichomoe ile diski ya akiba.

Toleo jipya ni jambo jingine kabisa. Mara nyingi linabadilisha muundo wa faili, na faili likishabadilishwa halirudi nyuma: toleo la zamani halitalifungua tena. Kwa hiyo sharti uwe na sababu. Zangu ni nne tu. Mtengenezaji ameacha kulihudumia toleo lako. Mfumo wa kompyuta mpya haulikubali. Sheria ya kodi au ya ankara za kielektroniki inadai kitu ambacho toleo lako halina. Au faili limefika ukomo wake. Matoleo ya bure ya SQL Server, hifadhidata ya Microsoft ambayo programu nyingine za hesabu huwekea data yake, kwa mfano, kuanzia la 2008 R2 hadi la 2022, yanakomea GB 10 kwa hifadhidata moja, na ikifika hapo inakataa kuandika hata ankara moja zaidi. Dashibodi yenye rangi nzuri haimo kwenye orodha yangu.

Tarehe za kuacha kuhudumiwa hutangazwa mapema, kwa hiyo hazipaswi kumshtua mtu. Huduma za QuickBooks Desktop 2021 zilikatwa baada ya tarehe 31 Mei 2024, za 2022 baada ya tarehe 31 Mei 2025, na kwa wateja wapya wa Marekani Intuit, watengenezaji wake, iliacha kuuza matoleo ya kawaida ya Desktop baada ya tarehe 30 Septemba 2024. Odoo, programu nyingine ya biashara, hutoa toleo kila mwaka na kuhudumia matatu ya karibuni. Andika tarehe ya programu yako kwenye daftari, ukurasa uleule wa kwanza, na uanze kupanga miezi sita kabla.

Siku ya kuboresha

Chagua siku ya utulivu baada ya kufunga mwezi na kulinganisha benki. Usiboreshe katikati ya kufunga mwaka kwa matumaini kwamba toleo jipya litakurahisishia kazi hiyo.

Kabla ya kugusa chochote, tengeneza kile ninachokiita karatasi ya kabla. Ina urari, mizania, wadaiwa kwa umri wa deni, wadai kwa umri wa deni, thamani ya stoku, salio la kila akaunti ya benki, salio la akaunti ya kodi, namba ya ankara ya mwisho, na idadi ya miamala kama programu inaionyesha. Ripoti za fedha zitoe kwa tarehe mbili: leo, na siku ya mwisho ya mwaka wa hesabu uliopita. Tarehe ya pili ndiyo inayofichua makosa ya faida limbikizi, yaani faida ya miaka iliyopita iliyobaki ndani ya biashara, ambayo ripoti za leo zinaweza kuyameza bila kuonyesha. Andika pia juu ya kila ripoti kama mauzo yamehesabiwa siku ya ankara au siku pesa ilipoingia. Utashangaa jinsi toleo jipya linavyopenda kubadilisha chaguo hilo bila kukuuliza.

Kisha piga nakala, uirejeshe kwenye kompyuta ya majaribio, na uboreshe hiyo kwanza. Huko ndiko utakakojua inachukua dakika kumi au saa nne, na kama inakwama. Linganisha karatasi. Zikilingana, panga siku ya faili la kweli.

Siku yenyewe: kila mtu atoke, nakala ya mwisho ipigwe, tena mbili. Sakinisha toleo jipya kando ya la zamani, bila kuliondoa la zamani. Fungua faili, liache libadilishwe, usiguse kipanya hata kama skrini imeganda na inaonekana imekufa. Faili kubwa hukaa kimya kwa muda mrefu. Toa ripoti zilezile kwa tarehe zilezile, uweke karatasi mbili sambamba mezani, upitie mstari kwa mstari kwa kalamu. Ninasema kalamu kwa makusudi. Macho kwenye skrini huona jumla zinalingana na kutosheka, huku akaunti mbili ndani zimebadilishana pesa.

Fedha zikilingana, bado kuna vitu vidogo vinavyoharibu Jumatatu: namba ya ankara inayofuata, muundo wa ankara na nembo, printa, utumaji wa barua pepe, viwango vya kodi, ruhusa za kila mtumiaji, muunganisho na benki au mashine ya mauzo, na lile jedwali la Excel la bosi linalovuta takwimu kutoka kwenye programu. Toa ankara moja ya majaribio mpaka ifike kwenye karatasi, kisha ibatilishe. Kompyuta zote ziwe na toleo moja. Moja iliyobaki nyuma itashindwa kufungua faili.

Amua mapema saa ya mwisho ya kurudi nyuma. Mpaka hapo mtu hajaingiza muamala mpya, kurudi ni kufungua nakala ya zamani tu. Siku tatu baadaye kurudi ni kuingiza upya siku tatu za kazi, na hakuna atakayekubali, kwa hiyo mtaishi na kosa.

Namba zisipolingana

Usikimbilie kupiga ingizo la marekebisho ili zilingane. Hilo huficha kosa, halilitoi.

Anza na sababu za kijinga, maana ndizo nyingi: tarehe ya ripoti, msingi wa kuhesabu mauzo, akaunti zilizofichwa ambazo toleo jipya haliziingizi kwenye ripoti, viwango vya kubadilisha fedha za kigeni. Zikiisha hizo, tafuta kwa kugawa nusu. Toa urari wa katikati ya mwaka kwenye toleo la zamani na jipya. Zikilingana, kosa liko nusu ya pili; zisipolingana, liko ya kwanza. Gawa tena. Kwa njia hii hatua tisa zinatosha kukufikisha kwenye siku moja ndani ya mwaka mzima, na kwenye siku moja miamala ni michache kiasi cha kuisoma yote. Hapo kwa kawaida utakuta muamala wa ajabu: bidhaa iliyofutwa, mteja aliyeunganishwa na mwingine, ankara ya kiasi sifuri yenye mistari ndani.

Kama masalio yaliingizwa kwa mkono, kuna mbinu mbili za wazee wa leja ambazo hazijazeeka. Tofauti ikigawanyika kwa 9 bila kubaki, shuku tarakimu zilizopinduliwa: 5,400 ikiandikwa 4,500, tofauti ni 900. Tofauti ikigawanyika kwa 2, tafuta kiasi cha nusu yake. Huenda kimewekwa debiti badala ya krediti.

Ukihama programu kabisa

Hamia mwanzoni mwa mwaka wa hesabu ikiwezekana, au basi mwanzoni mwa mwezi. Ushauri wangu, ambao wauzaji wa programu hawaupendi, ni usihamishe historia yote. Peleka orodha za wateja, wauzaji, bidhaa na akaunti. Peleka masalio ya kuanzia. Na peleka kila ankara ambayo haijalipwa, moja moja, yenye namba na tarehe yake. Ukiweka deni la mteja kama jumla moja, atakapolipa ankara mbili kati ya tano hutajua zipi. Akaunti ya muda inayopokea masalio ya kuanzia lazima iishie sifuri. Isipoishia sifuri, hamjamaliza kuhama.

Mafaili ya CSV, yale ya maandishi matupu yanayotumika kuhamisha orodha kati ya programu, yana mitego yake. Excel ikiyafungua hukata sifuri za mwanzo, kwa hiyo msimbo 00457 unakuwa 457 na bidhaa inakuwa mpya. Tarehe 03/04 inaweza kusomwa Machi au Aprili, tumia mwaka-mwezi-siku. Unapohifadhi chagua usimbaji wa herufi wa UTF-8 ili majina yenye herufi za kigeni yasigeuke alama za ajabu. Na usipitie muundo wa zamani wa Excel wa .xls, unaoishia safu mlalo 65,536: mwaka 2020 idara ya afya ya umma ya Uingereza ilipoteza kwa muda karibu visa 16,000 vya korona kwenye ripoti zake kwa sababu ya ukomo huo. Hesabu safu mlalo kabla na baada, kila faili.

Kwa walio kwenye programu ya mtandaoni, masasisho si kazi yenu, lakini mengine yote yanabaki. Kila mwisho wa mwezi pakueni leja kuu, orodha na ripoti. Washeni uthibitisho wa hatua mbili kwa kila mtu. Someni mkataba muone data inabaki kwa muda gani usajili ukikoma, na kama baada ya hapo mtaweza hata kuisoma. Akaunti kuu iwe ya mwenye biashara, sio ya mhasibu wa nje, hata kama ni mimi.

Programu ya zamani iache kwenye kompyuta moja, ya kusoma tu, na uandike kwenye daftari tarehe ya kuhama, toleo jipya, na nani aliyelinganisha karatasi. Kwenye kompyuta nyingine zote iondoe pamoja na ikoni yake siku hiyohiyo. Ikibaki, kuna mtu atakayeendelea kutoa ankara humo kwa mazoea hadi mwezi uishe.